Siku mpaka ulipohama na kuiacha Kisumu upande wa Kenya

MSAFIRI anayetoka Nairobi kupitia Ahero huingia Kisumu kwa lango la Nyamasaria. Huvuka mto wenye jina hilohilo, akapita katikati ya gereji, vibanda na waendeshaji bodaboda wanaogombea abiria, kisha mji humfungukia kuelekea ziwani. Ni nadra kumpata anayekumbuka kwamba, zaidi ya karne moja iliyopita, ardhi anayoikanyaga ilihesabiwa kuwa Uganda.

Leo hii mpaka wa Kenya na Uganda uko Busia, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kisumu. Hali haikuwa hivyo mwanzoni mwa ukoloni. Waingereza walipotangaza himaya yao ya Uganda mwaka 1894, na ile ya Afrika Mashariki (ndiyo Kenya ya baadaye) mwaka uliofuata, Nyanza haikuwa chini ya himaya hiyo ya pili. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulienea kutoka kandokando ya ziwa hadi Bonde la Ufa, upande wa Naivasha. Waluo, Wanandi na majirani zao wengi walijikuta wakitawaliwa kutoka Entebbe, ng’ambo ya ziwa.

Wenyeji hawakuulizwa. Kwao pwani hii ilikuwa mahali pa soko kabla haijawa mahali pa mipaka. Jina Kisumu lenyewe hunasibishwa na neno la Kijaluo linalohusu kwenda kutafuta na kubadilishana vyakula, hasa nyakati za njaa.

Ukweli huu ndio unaofumbua kitendawili cha jina la reli. Wanafunzi wengi hushangaa kwa nini njia iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 na kukomea Kisumu iliitwa Reli ya Uganda, ilhali haikuvuka mpaka wa Uganda wanaoujua. Jibu ni kwamba iliuvuka. Reli ilipoufikia ukingo wa ziwa Desemba 20, 1901, ilikuwa tayari ndani ya Uganda. Kituo hicho cha mwisho kiliitwa Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa Ronald Preston aliyesimamia utandazaji wa reli.

Kazi hiyo ilikuwa na gharama kubwa. Takriban vibarua 32,000 waliletwa kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walipoteza maisha. Wanandi nao walipinga kupitishwa kwa reli katika ardhi yao kwa muda wa miaka mingi, hadi kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, alipouawa mwaka 1905.

Basi, miezi michache tu baada ya reli kufika ziwani, mpaka ulihamishwa. Kuanzia Aprili 1, 1902, Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulitiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki. Sababu kuu ilikuwa ya kiutawala: London ilitaka reli yote, kutoka bandari ya Mombasa hadi ya Kisumu, iwe chini ya serikali moja. Eneo hilo likagawanywa kuwa mikoa ya Kisumu na Naivasha, na mwaka 1909 Mkoa wa Kisumu ukaitwa Nyanza. Uganda, ambayo reli ilibeba jina lake, ililazimika kungoja hadi mwaka 1931 ndipo treni iingie Kampala. Kwa miaka mingi kabla ya hapo, shehena zake zilivushwa kwa meli kutoka Kisumu.

Hata hivyo, si kila kitu kilichohama pamoja na mpaka. Kanisa la Kianglikana, mathalan, liliendelea kuhesabu Nyanza kuwa sehemu ya Dayosisi ya Uganda hadi mwaka 1921. Misheni ya Maseno, iliyoanzishwa mwaka 1906 na kuwalea wasomi wengi wa Kenya, ilikuwa kazi ya J. J. Willis, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Uganda.

Urithi mwingine uko hatua chache kutoka Nyamasaria, huko Kibos. Baada ya reli kukamilika, Wahindi walipewa mashamba hapo, na kilimo cha miwa kikastawi katika ukanda huo wa reli hadi Miwani. Kibos ndiko pia walikowekwa Wanubi, wazao wa askari wenye asili ya Sudan ambao Frederick Lugard aliwaingiza katika utumishi wa Uganda mwaka 1891, na ambao baadaye walitumikia jeshi la King’s African Rifles.

Hapa ndipo historia inapogusa maisha ya watu. Mnamo Februari 2021, reli ya kutoka Nairobi ilipokuwa ikikarabatiwa, nyumba za maelfu ya Wanubi wa Kibos zilibomolewa kwa hoja kwamba zilisimama kwenye ardhi ya reli. Jamii iliyoletwa na dola ikaambiwa haina hati ya mahali ilipowekwa na dola hiyohiyo. Mwishoni mwa mwaka huo treni ya abiria ilirejea Kisumu kwa shangwe.

Aidha, mstari huo wa mwaka 1902 umewahi kutishia amani. Februari 1976, Rais Idi Amin alidai kuwa sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa mali ya Uganda, akiegemea ramani hizo za zamani. Rais Jomo Kenyatta alijibu kwa ukali, maandamano yakafanyika, na hatimaye Amin akalegeza msimamo wake.

Asiyejua kwamba mpaka ulihamishwa kwa kalamu ni rahisi kuchochewa na mwanasiasa anayepeperusha ramani, na ni rahisi pia kumwita mgeni jirani ambaye babu zake walifika kabla nchi haijapewa jina. Makavazi ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yapo. Kilichosalia ni habari hii ifundishwe katika shule za Kolwa na Kibos, na vituo vya reli ya zamani viwekewe alama, kabla ukarabati mwingine haujayafuta yaliyobaki.