Mshipa Uliopasuka Kichwani Hausubiri

Mama yuko jikoni akikuna nazi, mara kichwa chamgonga kama aliyepigwa rungu. Hutapika, shingo hukakamaa, mwangaza humkera, kisha huzirai. Hapo nyumbani huanza mashauri: ni jicho, ni upepo, ni njaa ya saumu. Hutafutwa wa kumsomea, na mume aliye safarini husubiriwa atoe idhini. Nasi tumewahi kuitwa kusoma mahali palipohitaji gari la wagonjwa. Tulisoma njiani.

Maumivu yafikayo kilele kwa muda mfupi namna hiyo huenda ni ishara ya mshipa uliopasuka. Ukuta wa mshipa hudhoofika, hutuna mithili ya kipovu, kisha hupasuka na damu ikamwagika kuuzunguka ubongo. Wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume. Shinikizo la damu na tumbaku huongeza hatari, na shisha ni tumbaku pia, wajidanganyao wasijidanganye.

Picha ya kichwa ikishaonyesha damu, madaktari wana njia mbili. Ya kwanza ni kufungua fuvu na kukibana kipovu shingoni mwake. Mwaka 1937, huko Baltimore nchini Marekani, Walter Dandy alifanya hivyo kwa kibano kidogo cha fedha. Leo vingi ni vya titani. Ya pili haifungui fuvu: mrija mwembamba huingizwa katika mshipa wa kinena, ukaongozwa hadi kichwani, na nyuzi laini za platini zikajazwa ndani ya kipovu ili damu igande humo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002, wa wagonjwa 2,143 waliofaa njia zote mbili, ulionyesha kuwa baada ya mwaka mmoja, waliofariki au kubaki wakiwategemea wengine walikuwa takriban 24 katika kila 100 kwa nyuzi, na 31 kwa kibano. Hata hivyo si kila kipovu hukubali nyuzi. Umbo lake na mahali kilipo ndivyo viamuavyo.

Kina mama hutuuliza juu ya kunyolewa nywele, na daktari akiwa mwanamume. Twajibu kwamba dharura imeruhusu, tena aghalabu hunyolewa sehemu tu. Na idhini ya mume? Kinachohofiwa zaidi ni mshipa kupasuka tena, na saa 24 za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa kabisa. Aliye karibu, awe mama, dada au mwana, na atie saini. Mume atapata habari kwa simu.