Feza ya shimo, vitabu viwili

Fiston Mwanza Mujila, mtoto wa Lubumbashi, alitoa Tram 83 kwa Kifaransa mwaka 2014. Ni hadithi ya baa moja ndani ya mji wa machimbo: wachimbaji wanatoka shimoni, feza inaishia pale usiku ule ule. Mutu wa Mongbwalu akisoma atacheka, kisha atanyamaza. Lakini mama anayengoja nyumbani na watoto, mimi sikumusikia.

La Danse du Vilain, ya mwaka 2020, imenipendeza zaidi. Mule kuko Tshiamuena, mama anayeheshimiwa na Wazaire waliovuka kuchimba almasi Angola. Kwake mchimbaji iko mutoto wa mutu, hapana mikono tu. Mukikipata, mukisome nyumbani, baba na mama pamoja.