Ramani ya moto: tujue upande wa hatari mbele ya Septemba



Toka mwezi wa tano mvua imekatika hapa Haut-Katanga, na nyasi zinakauka. Kila kiangazi pori linawaka. Mmoja anachoma ili kusafisha shamba, mwingine anawinda panya, mwingine moto unamtoroka kwenye tanuru la makala. Zamani pori lilikuwa mbali. Leo kartie za pembeni za Lubumbashi, Likasi na Kipushi zimepakana nalo, na moto unafika hadi kwenye uzio.

Kuna ramani za kompyuta, wataalamu wanaziita GIS, zinazosaidia kujua hatari iko wapi mbele ya moto wenyewe. Kazi yake ni kama kupanga karatasi nyepesi moja juu ya nyingine. Ya kwanza inaonyesha nyasi na miti, ya pili nyumba, ya tatu milima, ya nne njia na maji. Mahali nyasi ndefu, mteremko na nyumba vinapokutana, pale ndipo pa kuangalia. Moto unapanda mlima mbio kuliko unavyoshuka. Tena wakati wa kiangazi upepo wetu unatoka zaidi kusini-mashariki. Nyumba zenye pori upande huo ziangaliwe kwanza.

Shirika la NASA la Marekani linaonyesha bure kwenye intaneti, kwa ramani yake ya FIRMS, mioto ambayo satelaiti zimeona, kwa kawaida kabla ya masaa 3 kupita. Kila moto ni nukta nyekundu. Lakini nukta moja inaweza kuwakilisha eneo la karibu metre 375 kila upande, na moto mdogo unaozimika mbele satelaiti haijapita hauonekani.

Tena satelaiti haijui ni nyumba gani ina mama aliyejifungua juzi, wala mzee asiyeweza kutembea, wala kisima gani kinabaki na maji mwezi wa kumi. Karatasi hiyo ni sisi wamama tunayo.

Kwa hiyo tunaomba kila kikundi kifanye hivi:

1. Muchore kartie yenu: nyumba, njia, visima, pori, na watu wa kusaidiwa kwanza.
2. Kijana mwenye simu atafute nukta nyekundu za miaka iliyopita, muziweke kwenye mchoro.
3. Muonyeshe shefu wa kartie, mukubaliane njia ya kukimbilia.
4. Mufyeke nyasi upande uliotiwa alama, musizichome.

Kazi hii ifanyike mwezi huu na ujao. Moto wa Septemba na Oktoba ni mkali kuliko wa Juni, maana nyasi zimekauka kabisa na jua ni kali. Wakati ule hakuna nafasi tena ya kuuliza kisima kiko wapi.

Michoro tutaiangalia pamoja katika mkutano ujao. Mama asiyejua kuandika naye aje: anaijua njia kwa miguu yake.