Jino la Mtoto Huanza Tumboni mwa Mama

Mtoto anayezaliwa katika Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi mjini Voi, au katika hospitali ya Wesu iliyoko juu kwenye vilima vya Taita, huonekana hana jino hata moja, na kwa sababu hiyo wazazi wengi huhesabu umri wa meno yake tangu siku jino la kwanza litakapochomoza, ambayo kwa kawaida huwa kati ya mwezi wa sita na wa kumi. Hesabu hiyo imechelewa mno. Chini ya fizi za mtoto huyo mchanga yamo meno yote ishirini ya utoto, kila moja likiwa limekwisha kuanza kushika madini, na makato mawili ya mbele ya taya la juu yamejengwa zaidi ya nusu ya sehemu ile itakayoonekana mdomoni. Anayetaka kuelewa kwa nini jino la mtoto mmoja ni gumu na la mwingine linamomonyoka mapema hana budi kurudi nyuma hadi kwenye mimba, tena kwenye wiki ambazo mama mwenyewe huenda hajatambua kwamba amepata ujauzito.

Wiki zinazotajwa hapa huhesabiwa tangu mimba kutungwa, nazo ni pungufu kwa takriban wiki mbili zikilinganishwa na hesabu ya kliniki, inayoanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Katika wiki ya nne kinywa cha kiinitete, yaani mtoto katika hatua zake za mwanzo kabisa, ni kishimo kidogo tu ambacho nyuma yake kumezibwa na utando mwembamba. Utando huo hupasuka ifikapo takriban siku ya 26, na kishimo kikaungana na njia itakayokuwa koo. Kando ya kishimo hicho hutokeza vinundu vitakavyokuwa taya, mashavu na midomo, navyo hujengwa kwa sehemu kubwa na seli zinazohama kutoka ukingoni mwa mfereji wa neva, pale pale ambapo ubongo na uti wa mgongo vinaanza kuumbika. Ulimi huanza kujitokeza wakati huo huo, na tezi za mate hufuata kuanzia wiki ya sita.

Mdomo wa juu haukui kama kipande kimoja, bali vinundu vya pande mbili hukutana na kile cha katikati na kushikamana, kazi ambayo humalizika karibu na wiki ya saba. Kaakaa, yaani dari ya kinywa, huchukua muda zaidi, kwa kuwa mabamba yake mawili huning'inia kwanza wima kando ya ulimi, kisha katika wiki ya nane ulimi hushuka, mabamba yakainuka na kulala, yakakutana katikati na kuungana kabisa kufikia wiki ya kumi na mbili. Vinundu vya mdomo au mabamba ya kaakaa yasipokutana, mtoto huzaliwa na mdomo uliopasuka au kaakaa lililo wazi, hali ambayo wengi huiita mdomo sungura, jina lisilomtendea haki mtoto wala mama yake. Chanzo chake ni mchanganyiko wa urithi na mambo mengine, kama vile sigara, pombe na baadhi ya dawa za kifafa zinazotumiwa katika wiki hizo; laana haimo, na upasuaji unaofanywa kwa wakati unafaa sana.

Ratiba hii ndiyo inayofanya suala la kliniki liwe zito kuliko linavyochukuliwa. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani hupendekeza mjamzito akutane na mhudumu wa afya mara nane, na mara ya kwanza iwe kabla ya wiki ya kumi na mbili. Naye mjamzito nchini Kenya hupewa tembe zenye miligramu 60 za madini ya chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki, vitamini ambayo kazi yake kubwa ni kukinga uti wa mgongo na ubongo wa mtoto. Mama anayetoka Kasigau au Sagalla na kufika kituoni kwa mara ya kwanza katika mwezi wa tano atafaidika na tembe hizo kwa upande wa damu yake, lakini mdomo na kaakaa la mtoto vimekwisha kufungwa zamani, na vichipukizi vya meno vimekwisha kupangika. Wahudumu wa afya ya jamii, ambao serikali ya kitaifa iliwapa nafasi rasmi kwa kuwazindua kwa wingi nchini kote mwaka 2023, ndio wenye uwezo wa kumfikia mama huyo nyumbani mapema, na ingefaa sana habari za kinywa ziwe miongoni mwa wanayomweleza.

Meno yenyewe huanza katika wiki ya sita, pale utando unaofunika taya changa unapozidi kunenepa kwa kufuata mpindo wa taya. Kutokana na unene huo huchipuka vinundu kumi katika taya la juu na kumi katika la chini, kimoja kwa kila jino la utoto, na wataalamu huziita hatua zinazofuata kwa maumbo yake: chipukizi, kofia, kisha kengele. Katika hatua ya kofia hutokea jambo la kustaajabisha, kwani kifundo kidogo cha seli katikati ya kofia huacha kugawanyika na badala yake hutoa kemikali zinazoziamuru seli za jirani zikue au zisubiri, na kwa amri hizo huchongwa makali ya jino la kukatia au vilima vya kusagia vya gego. Umbo la gego la mtoto, pamoja na mifereji yake ambamo baadaye chakula hukwama, huwa limechorwa hivyo kabla mimba haijatimiza nusu ya safari yake.

Katika hatua ya kengele safu mbili za seli husimama zikitazamana. Safu ya ndani huanza kutandaza dentini, kiini kigumu cha jino, na mara dentini inapotokea safu ya nje hujibu kwa kutandaza enameli, gamba jeupe la nje ambalo ni gumu kuliko mfupa wowote wa mwili. Madini huanza kushika katika makato ya kati karibu na wiki ya kumi na nne, yakafuata magego ya kwanza, makato ya pembeni na chonge, na magego ya pili yakaja mwisho, karibu na wiki ya kumi na tisa. Enameli hunenepa kwa takriban sehemu tatu au nne za elfu moja ya milimita kwa siku, tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka hubeba alama ya hali ya mwili siku lilipotandazwa. Seli zilizoijenga hufa jino linapochomoza, na kwa hiyo kasoro iliyobaki ndani ya enameli haina fundi wa kuirudia: mfupa uliovunjika huunga, ngozi iliyokatwa hupona, lakini enameli iliyojengwa vibaya tumboni hubaki hivyo mpaka jino ling'oke.

Kwa darubini mtaalamu huweza kuona katika meno ya utoto mstari uliochorwa na kuzaliwa kwenyewe, ambao Isaac Schour aliueleza kwa kina mwaka 1936. Enameli iliyo upande mmoja wa mstari huo ilijengwa tumboni na ile ya upande wa pili baada ya kuzaliwa. Watoto waliozaliwa njiti huonekana na kasoro za enameli mara nyingi zaidi, na upungufu wa vitamini D kwa mama umehusishwa nazo pia. Kaswende isiyotibiwa huvuka kondo la nyuma na kuharibu vichipukizi vya meno ya kudumu, hata makato yakaja kuota membamba nchani yakiwa na pengo katikati, wakati ambapo kipimo cha damu kliniki na sindano za penisilini zingeizuia. Dawa ya tetrasaiklini, ikitumiwa kuanzia mwezi wa nne wa mimba, hushikamana na madini yanayojengwa na kuyatia rangi ya njano au ya kijivu isiyosafishika, na hiyo ni sababu tosha ya mjamzito kutojinunulia dawa dukani bila kuuliza.

Ipo pia dhana kwamba mtoto aliye tumboni hunyonya kalisi kutoka kwenye meno ya mama, na kwamba kila uzazi hugharimu jino. Mtoto hukusanya takriban gramu 30 za kalisi hadi anapozaliwa, nyingi katika miezi mitatu ya mwisho, lakini huipata kwa chakula ambacho utumbo wa mama hukifyonza kwa wingi zaidi na kwa akiba iliyo katika mifupa. Meno ya mama hayatoi kitu. Yanayomharibia ni kutapika kunakoacha asidi kinywani na fizi zinazovimba kwa urahisi wakati wa ujauzito, mambo yanayotibika, na ni bora yatibiwe mimba ikiwa bado ipo kuliko kungoja.

Maji ni suala linaloigusa Taita Taveta kwa namna ya pekee, kwa sababu kaunti hii hunywa maji ya asili mbalimbali: vijito vya vilima, visima vya kuchimbwa vya nyanda kavu, chemchemi za Taveta zinazotokana na Kilimanjaro, na chemchemi za Mzima ndani ya Tsavo Magharibi, ambazo maji yake hupenya miamba ya volkano ya Chyulu kabla ya kusafirishwa kwa bomba hadi Mombasa. Miamba ya volkano mara nyingi huachia floraidi, madini ambayo kwa kiasi kidogo huimarisha meno, lakini yakizidi miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani, huzuia enameli isikomae na kuiacha na mabaka meupe yanayogeuka kahawia. Floraidi huvuka kondo la nyuma, ingawa meno ya utoto hudhurika kidogo kuliko ya kudumu, ambayo hujengwa zaidi katika miaka ya kwanza baada ya kuzaliwa. Kuchemsha maji hakuiondoi. Maji yanapopungua sufuriani, floraidi hubaki na kuzidi kukolea. Nakuru, Dayosisi ya Kanisa Katoliki imetumia makaa ya mifupa kuichuja, na ng'ambo ya mpaka kituo cha Ngurdoto karibu na Arusha hufanya utafiti wa kazi hiyo hiyo. Nchini Tanzania ilionekana pia kwamba magadi yanayotiwa kwenye maharage na mahindi ili yaive upesi huweza kuleta mabaka hata pale maji yalipo mazuri. Kisima kimoja hakiwezi kuhukumiwa kwa kisima kingine, kwa hiyo kila kinachochimbwa kinastahili kupimwa floraidi kabla watu hawajaanza kukitegemea.

Hatari iliyo kubwa zaidi kwa jino ambalo bado halijaota, hata hivyo, hutoka mikononi mwa watu wanaoogopa wanachokiona kwenye fizi. Masalio ya utando uliozaa meno huonekana kwenye fizi za mtoto mchanga kama vijipele vyeupe vigumu, ambavyo hutoweka vyenyewe baada ya wiki chache. Mara chache, takriban mtoto mmoja kati ya 2,000 au 3,000, huzaliwa na jino lililokwisha kutokeza, kwa kawaida kato la chini, na mara nyingi hilo ni jino lake halisi la utoto lililowahi. Kwa kawaida huondolewa kama limelegea kiasi cha kuweza kumkaba. Pwani, mtoto wa namna hiyo na yule anayetanguliza meno ya juu waliitwa vigego na wakaogopwa kama mkosi, na wapo waliouawa. Siku hizi madhara huja kwa sura nyingine, ile ya meno ya plastiki au ya nailoni, ambapo mtoto mwenye homa au kuhara husemwa kwamba ana meno mabaya ndani ya fizi, na mganga akazichokoa kwa kisu au spoki ya baiskeli. Desturi hiyo imeandikwa Tanzania, Uganda na miongoni mwa Wamasai wa Kenya. Kinachochokolewa ni chonge ya utoto, ambayo mtoto anapozaliwa huwa imeshika madini theluthi moja tu, na ikitolewa ufizini huonekana nyeupe na laini, hata mama akaamini kwamba kweli ni plastiki. Jeraha huweza kuleta pepopunda au sumu ya damu, chipukizi cha chonge ya kudumu kilicho jirani huharibika, na homa iliyomfanya mtoto aletwe hubaki bila matibabu.

Gego la kwanza la kudumu ndilo linalounganisha tumbo la mama na darasa. Chipukizi chake hutokea mimba ikiwa na karibu miezi minne, huanza kushika madini wiki ile ile mtoto anapozaliwa, na huchomoza nyuma ya magego ya utoto akiwa na miaka sita hivi, umri wa kuingia Gredi ya Kwanza, bila jino lolote kung'oka ili kulipisha. Kwa kuwa hakuna kilichodondoka, wazazi wengi hulidhani la utoto na kuliacha lioze, nalo ndilo jino la kudumu linalotoboka mapema kuliko mengine. Mzazi akifungua kinywa cha mtoto wa umri huo na kuhesabu kuanzia katikati, atalikuta la sita.