Kimya Kama Jibu: Kudumu kwa Mawasiliano katika Delta ya Tana

Methali isemayo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja, aghalabu hutolewa kuwa mfano wa busara. Katika delta ya mto Tana, hata hivyo, kuisadiki bila ya kupima kumekuwa na hatari. Baina ya Agosti 2012 na Januari 2013, mapigano kati ya Wapokomo, ambao wengi wao ni wakulima, na Waorma, ambao wengi wao ni wafugaji, yaliua watu zaidi ya 100. Asili ya ugomvi ilikuwa ardhi, malisho na maji. Lakini uvumi juu ya mashambulio yaliyodaiwa kupangwa ulizidisha hofu.

Kutokana na hali hiyo, shirika la The Sentinel Project la Kanada liliasisi huduma iliyoitwa Una Hakika. Jina lenyewe ni swali. Mwananchi alituma ujumbe kwa simu kueleza alilosikia. Ofisi ikaupokea na kuupima uzito. Watu waliojitolea vijijini wakaulizwa. Kisha jibu likarudishwa kwa waliohusika.

Huduma ya namna hii haipimwi siku ya utulivu, bali siku ya hofu. Ikikatika siku hiyo, asiyejibiwa huamini kwamba alilosikia limethibitika. Kimya kingi, wahenga walisema, kina mshindo mkuu. Kwa hiyo, kuharibika kwa njia ya habari si upungufu wa habari tu. Ni habari yenyewe, tena ya uongo.

Anayetafuta kasoro hana budi kufuata ujumbe hatua kwa hatua. Je, swali lilifika? Kama halikufika, huenda simu haina chaji au mnara umezimika. Je, lilipimwa? Kama limelala ofisini, kasoro ni ya watu wala si ya mitambo. Je, yupo wa kuulizwa kijijini? Jina lililoandikwa daftarini si ushahidi wa kuwapo. Yafaa mjumbe aitwe na aitike mara kwa mara, kabla ya haja kutokea. Mwisho, je, jibu lilieleweka? Mzee asiyesoma hafaidiki na maandishi, na msemaji wa Kiorma au Kipokomo huenda akahitaji kufafanuliwa Kiswahili cha ofisini.

Dawa inayotajwa kwa kawaida ni kuwa na njia ya akiba. Dawa hiyo ni sahihi, ila kwa sharti moja: njia ya pili isitegemee kile kinachotegemewa na ya kwanza. Simu mbili zinazotumia mnara mmoja ni njia moja. Pikipiki haiwezi kuwa akiba ya pekee, kwani mafuriko ya 2023 na 2024 yaliikata barabara ya Garsen kwendea Lamu. Vivyo hivyo, wajumbe wawili wa jamii moja, wanaosikia habari kwa watu wale wale, ni shahidi mmoja. Mmoja akiwa Mpokomo na mwenziwe Mworma, wakikubaliana, ndipo hakika hupatikana.

Ni dhahiri, basi, kwamba kudumu kwa mawasiliano hakuletwi na wingi wa vyombo. Huletwa na kutofautiana kwa njia, na kuwapo kwa mtu wa kuitika pale swali linapoulizwa.