Sahani za Imari: jina ni la bandari, kazi ni ya mateka

Wapenzi wa vyombo vya zamani wanajua jina Imari: sahani nyeupe za Japani zenye maua ya buluu, nyekundu na zahabu. Lakini Imari ni bandari tu ambako vyombo vilipakiwa. Vilitengenezwa Arita, mji mudogo wa milima, kwenye kisiwa cha Kyushu. Na mafundi walioanzisha kazi hiyo walitoka Korea, tena hawakuja kwa mapenzi yao.

Ilikuwa namna gani? Kati ya mwaka 1592 na 1598, Toyotomi Hideyoshi, mukubwa wa Japani, alituma majeshi kushambulia Korea. Wakati wa kurudi, wakubwa wa vita walibeba wafinyanzi kwa nguvu, juu Wakorea walijua kutengeneza vyombo vyeupe na vigumu, Wajapani bado. Mumoja wao, Yi Sam-pyeong, ndiye anayesemwa kugundua jiwe jeupe pale Arita, karibu mwaka 1616.

Jiwe hilo liliondoka Arita likiwa tayari sahani. Lilipondwa mpaka unga, likalowekwa, likafinyangwa. Chombo kilipakwa buluu, kikamwagiwa maji yanayogeuka kioo ndani ya tanuru, moto wa digrii karibu 1300. Nyekundu na zahabu hazivumilii moto huo. Zilipakwa nyuma, zikachomwa tena kwa moto mudogo. Ukoo wa Kakiemon ulijulikana kwa kupaka maua kidogo na kuacha weupe mwingi.

Moto huo ulikula miti mingi. Mwaka 1637, Wanabeshima, watawala wa eneo, walifukuza wafinyanzi Wajapani zaidi ya 800 ili kulinda misitu. Wakorea wenye ujuzi walibakizwa.

Kisha vita ingine ikafungua soko. China, iliyokuwa inauzia Ulaya, ilivurugika wakati utawala wa Ming ulipoangushwa na wa Qing. Kampuni ya Waholandi iliyokuwa Nagasaki ikageukia Arita: mwaka 1659 iliagiza vyombo zaidi ya 56.000. Nao Wanabeshima walikuwa na tanuru zao pale Okawachi, katikati ya milima, chini ya ulinzi, ili siri ya kazi isitoke.

Tangu 1917, mnara wa kumukumbuka Yi Sam-pyeong unasimama juu ya kilima cha Arita. Sokoni, hata leo, sahani zinaitwa Imari.