Fort Jesus: Miezi 33 Nyuma ya Kuta

Wageni wengi wanaoingia Fort Jesus, Mombasa, hukimbilia mizinga. Hupiga picha, huitazama bahari kidogo, kisha hutoka kwenda kuzunguka Mji wa Kale. Wanaotoka hivyo huwa wameipita habari kubwa kuliko zote za ngome hiyo.

Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 juu ya mwamba wa matumbawe, kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, msanifu wa Milano. Pembe zake zilitokezwa nje makusudi: askari aliye pembe moja aliweza kumpiga adui anayeukwea ukuta wa pembe ya pili. Ngome ya namna hiyo haikuwa rahisi kuivamia. Aliyeitaka alilazimika kuwafungia waliomo na kuiachia njaa kazi.

Ndivyo walivyofanya Waomani. Walifika Machi 1696, na mzingiro ukadumu hadi Desemba 1698. Ndani walikuwamo Wareno wachache na Waswahili wengi zaidi yao, wake na watoto pia. Maradhi yakaingia, watu wakapukutika. Kufikia katikati ya mwaka 1697 Wareno walikuwa karibu wamekwisha, na ulinzi wa kuta ukashikwa na Bwana Daud wa mji wa Faza pamoja na watu wake.

Hapa ndipo panapofaa kutulia. Vita hivi husimuliwa kama ugomvi wa wageni wawili, Mreno na Mwarabu, kana kwamba wenyeji walikaa kando wakitazama. Sivyo. Watu wa Mombasa ndio waliowaita Waomani; Faza, kwa uhasama wake wa miaka mingi na mji wa Pate uliokuwa upande wa Waomani, ilisimama na Wareno. Kila mji wa mwambao ulikuwa na hesabu zake, na Waswahili walikufa pande zote mbili.

Mwaka huohuo wa 1697 meli ya Santo António de Tanna, iliyokuja na msaada kutoka Goa, ilizama mbele ya ngome. Wanaakiolojia walipiga mbizi na kuichimbua kuanzia 1977 hadi 1980, na vitu walivyovipata vimewekwa katika makumbusho humo ndani. Upo pia ukuta ambao mabaharia wa Kireno waliuchora meli, samaki na makanisa. Michoro hiyo haina ufundi mkubwa, lakini inagusa moyo: ni mikono ya watu waliokuwa mbali na kwao.

Waingereza waliifanya ngome gereza kuanzia 1895 hadi 1958. Makumbusho yalifunguliwa 1960, na mwaka 2011 UNESCO iliiingiza Fort Jesus katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Atakayekwenda asiridhike na picha ya mzinga. Amwombe mwongozaji amsimulie habari za Bwana Daud, na akienda na watoto, wao ndio wawe wa kwanza kusimuliwa.